Kuku wa mayai waliotoka kizimbani: namna ya kuwapokea katika parseli

Mara kwa mara, katika masoko ya miji ya mashariki ya Kongo, huonekana kuku wa rangi ya kahawia wanaouzwa bei ya chini kuliko kuku ya kienyeji. Manyoya yamekatika shingoni na mgongoni, upanga wa kichwani umepauka na kulala upande, kucha ni ndefu. Watu huwaita kuku ya reforme. Ni kuku wa mayai, wale pondeuses, ambao shamba limewatoa juu hawatagi tena vya kutosha kulipa chakula wanachokula.

Wengi wao huenda moja kwa moja kwenye sufuria. Lakini kuko familia zinazowanunua ili kuwafuga, sababu wanajua kuku huyu bado ana mayai mwilini. Jambo hilo linawezekana, na linafanyika sehemu nyingi za dunia. Lina hatari mbili. Ya kwanza, kuku mwenyewe anaweza kufa ndani ya wiki moja kwa kuwa hajui kuishi inje. Ya pili ni kubwa zaidi: anaweza kuleta ugonjwa unaomaliza kuku wote wa nyumbani, pamoja na wa majirani. Kwa familia iliyokimbia vita na kuanza tena mikono mitupu, kuku watano wa kienyeji mara nyingi ndio mfugo wa kwanza kupatikana. Kuwapoteza wote kwa ajili ya kuku mmoja wa bei rahisi ni hasara isiyolipika haraka.

Kuku huyu ni nani

Kuku wa mayai wa leo ametokana na kazi ya watu ya kuchagua wazazi, kizazi baada ya kizazi. Babu yake ni kuku mwitu mwekundu wa misitu ya Asia, ambaye hutaga mayai machache kwa msimu, kisha analalia. ISA Brown, mmoja wa wanaojulikana zaidi, alitokea Ufaransa mwaka 1978. Kuku wa aina hii huanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20, na katika mwaka wake wa kwanza wa kutaga anaweza kupita mayai 300. Kuku ya kienyeji, anayejitafutia chakula na kulea vifaranga vyake mwenyewe, kwa kawaida hutoa mayai 40 hadi 60 kwa mwaka.

Kazi hiyo inaudai mwili. Ganda la yai moja linahitaji karibu gramu 2 za kalsiamu. Chakula kisipotosha, mwili unaichukua kwenye mifupa. Na kuku wa kizimbani hatembei, haruki, hapigi mabawa, kwa hiyo mifupa yake haipati nguvu. Uchunguzi uliotolewa Uingereza mwaka 1989 ulionyesha kwamba karibu kuku 3 kati ya 10 waliotoka vizimbani walikuwa na mfupa uliovunjika hata kabla ya kuchinjwa, sehemu kubwa kwa sababu ya namna walivyokamatwa na kusafirishwa.

Kwa desturi shamba hutoa kundi likiwa na wiki 72 hadi 80, yaani mwaka mmoja na nusu hivi. Mengine hungoja zaidi. Kuku 100 waliokuwa wanatoa mayai zaidi ya 90 kwa siku wameshuka polepole hadi 70 hivi, na maganda yameanza kuwa laini. Chakula kinabaki kilekile. Kwa mwenye shamba hesabu imefunga. Kwa nyumba yenye kuku watano, mayai matatu kwa siku ni hesabu nyingine kabisa.

Kizimba cha waya na historia yake

Ufugaji wa vizimba vilivyopangwa ghorofa ulienea Marekani na Ulaya katika karne ya 20, zaidi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wakati serikali zilitaka mayai mengi kwa bei ndogo. Faida yake ilionekana: kuku hagusi kinyesi chake, mayai yanateremka yenyewe, mtu mmoja anahudumia maelfu. Hasara ilikuwa juu ya kuku.

Mwaka 1964 Mwingereza Ruth Harrison alitoa kitabu kilichoitwa Animal Machines, kikieleza maisha ya wanyama ndani ya mashamba hayo. Watu walishtuka, na mwaka uliofuata kamati iliyoundwa na serikali ya Uingereza, ikiongozwa na Brambell, ilisema mnyama wa kufugwa anapaswa angalau kuweza kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria yake mwaka 1999: vizimba vitupu vilikatazwa kuanzia tarehe 1 Januari 2012. Kabla ya hapo kila kuku alitakiwa kupewa sentimita za mraba 550, eneo dogo kuliko karatasi ya kawaida ya ofisi. Vizimba vikubwa zaidi, vyenye kiota na kijiti cha kulalia, bado vinaruhusiwa na sheria hiyo.

Uingereza ndiko kazi ya kuwapa kuku hao makao mapya ilijulikana sana. Mwaka 2005 Jane Howorth alianzisha katika jimbo la Devon shirika ambalo leo linaitwa British Hen Welfare Trust. Shirika hukubaliana na wafugaji, likachukua kuku siku ya kubadilisha kundi, na kuwagawa kwa watu wenye bustani nyuma ya nyumba. Wengi huko huwachukua kwa huruma. Mashariki mwa Kongo sababu ya kwanza ni mayai ya watoto. Lakini kuku ni yuleyule, na yale yanayomwokoa katika bustani ya Devon ndiyo yanayomwokoa katika parseli ya Bukavu au Bunia.

Katika mikoa ya mashariki wafugaji wengi wa mayai huweka kuku chini, juu ya maranda ya mbao. Wengine wana vizimba vya waya. Aliyefugwa chini hujifunza maisha mapya haraka kidogo. Wa kizimbani ndiye anayedai subira.

Kabla ya kununua

Jambo la kwanza ni mahali pa kununulia. Kuku wa sokoni amekaa na kuku wa kila upande, wazima na wagonjwa, ndani ya kikapu kimoja. Mwenye uwezo afadhali aende shambani kwenyewe, siku kundi linapotolewa, achukue kuku ambao hawajakutana na wengine. Hapo pia anaweza kuuliza maswali manne: kuku wana wiki ngapi? Walichanjwa chanjo gani, na mara ya mwisho lini? Walipewa dawa yoyote katika wiki hizi? Wanakula chakula gani?

Jambo la pili ni kumkagua kuku mmojammoja. Macho yawe wazi na makavu, pua isitoe maji, pumzi isikoroke. Sehemu ya kutolea yai ikiwa pana, laini na yenye unyevu, kuku bado anataga. Ikiwa ndogo, kavu na imejikunja, amesimama. Mifupa miwili midogo iliyo chini ya mkia huonyesha jambo lilelile: kama vidole viwili au vitatu vinapita katikati yake, kuna mayai. Kukosa manyoya si sababu ya kumkataa, yanarudi. Tumbo lililovimba na kujaa maji, au nyama inayotokeza inje kwa nyuma, ni sababu ya kumwacha.

Jambo la tatu ni idadi. Kuku ni mnyama wa kundi, na mmoja peke yake hunyauka kwa woga. Wanne au watano wanatosha kwa kuanza. Kumi wanakula karibu kilo 36 za chakula kwa mwezi, na mfuko huo ndio unaovunja mipango ya wengi.

Safari ya kufika nyumbani

Desturi ya kufunga kuku miguu na kuwaning'iniza kichwa chini kwenye usukani wa moto au pembeni ya chukudu inaumiza kuku yeyote. Kwa kuku wa kizimbani inaweza kuwa mwisho wake, sababu mfupa wa paja au wa bawa unavunjika kama kijiti kikavu. Anashikwa kwa mikono miwili, mabawa yakiwa yamebanwa mwilini, na kuwekwa ndani ya kikapu au karatoni yenye matundu, amesimama. Asubuhi na mapema au jioni ni saa nzuri. Jua la mchana ndani ya karatoni linaua. Akifika apewe maji kwanza, chakula baadaye kidogo.

Wiki za kutengwa

Kama nyumbani kuko kuku wengine, hata wawili, wageni hawaingii kwao siku ya kwanza. Wanakaa peke yao muda wa wiki tatu, nne zikiwezekana, upande mwingine wa parseli, mbali kadiri inavyowezekana. Vyombo vya maji na chakula viwe tofauti. Anayewahudumia aanze na kuku wa nyumbani, amalizie kwa wageni, kisha anawe mikono kwa sabuni na kubadilisha viatu. Kinyesi kilichoshika kwenye sandali kinatosha kuvusha ugonjwa.

Watu wengi huruka hatua hii juu kuku wanaonekana wazima. Hapo ndipo hasara inatokea. Kuku aliyechanjwa dhidi ya Newcastle anaweza kubeba virusi na kuvitoa bila yeye mwenyewe kuugua. Akikutana na kuku wa kienyeji ambao hawajachanjwa, wao ndio wanaokufa. Kinyume chake kipo pia: kuku wa kizimbani hajawahi kugusa kinyesi wala udongo, kwa hiyo minyoo na ugonjwa wa kuhara damu, ambavyo kuku wa kienyeji wamevizoea, vinamkuta hana kinga.

Newcastle ndio ugonjwa ambao, ukiingia katika kartye, unaacha mabanda matupu kwa siku chache. Wengine huuita kideri. Dalili zake ni kuhara kijani, kupumua kwa shida mdomo ukiwa wazi, kujikunja shingo, miguu na mabawa kulegea, halafu vifo vingi kwa pamoja. Hauna dawa. Una chanjo tu. Kuku wa nyumbani wachanjwe wiki mbili au tatu kabla ya wageni kufika, na chanjo irudiwe kila baada ya miezi mitatu au minne. Kuko chanjo ya tone la jicho, na kuko ile ya kuweka katika maji, kama La Sota. Chanjo ya maji huharibiwa na klorini, kwa hiyo maji ya bomba la REGIDESO hayafai. Yatumike maji safi ya mvua au ya chemchemi. Kuku wanyimwe maji saa moja au mbili asubuhi ili wawe na kiu, na wamalize maji ya chanjo ndani ya saa mbili. Chanjo iliyokaa kwenye joto juu ya meza ya duka haina kazi tena, hata kama chupa ni mpya. Wamama na wababa wa kartye moja wanaweza kuchanga pesa, juu chupa moja hutosha kuku wengi kuliko wa nyumba moja.

Siku za kwanza

Kuku aliyetoka kizimbani hakujua udongo, jua, upepo wala giza la kweli. Siku tano hadi saba za kwanza anabaki ndani ya banda au sehemu iliyozungushiwa waya, ili ajue kwamba hapo ndipo kwake. Akifunguliwa siku ya kwanza, anapotea, au anasimama katikati ya uwanja kama aliyepigwa bumbuazi mpaka mwewe anamuona. Kuku ya kienyeji akisikia sauti ya hatari hukimbilia chini ya migomba. Huyu hajui kitu hicho. Atajifunza kwa kuwaangalia wenzake.

Mambo mengine madogo hushangaza wenye nyumba:

Kunywa. Shambani alikunywa kwa kugonga kichuchu cha chuma. Bakuli la maji anaweza kulipita. Mdomo wake uzamishwe kidogo majini, mara mbili au tatu. Mmoja akielewa, wengine wanaiga.

Kula. Kwa kawaida ncha ya mdomo wake ilikatwa akiwa kifaranga, ili wasidonoane. Kwa mdomo huo hawezi kuokota punje moja juu ya sakafu ngumu. Chakula kiwekwe ndani ya chombo chenye kina cha vidole viwili au vitatu.

Kulala. Hajui kurukia kijiti. Jioni atajikunja mlangoni au pembeni ya ukuta. Mtu amchukue na kumuingiza ndani kila jioni, kwa wiki moja au mbili. Kijiti kiwe chini, sentimita 20 au 30 kutoka ardhini, juu akianguka kutoka juu anavunjika. Chini pawekwe majani makavu au maranda mengi.

Baridi. Butembo, Bukavu na Goma ziko mwinuko wa karibu mita 1,500 au zaidi, na usiku wa mvua kuku asiye na manyoya anatetemeka. Banda lizibwe upande wa upepo kwa mbao au bashi, likiacha nafasi ya hewa kwa juu. Uvira na Kalemie shida inageuka: huko kivuli na maji ya baridi vinahitajika zaidi kuliko kuta.

Kuoga vumbi. Siku moja kuku atalala ubavu, afunge macho, atupe miguu na kujimwagia udongo. Watoto watapiga kelele kwamba anakufa. Anaoga. Vumbi linaondoa chawa na utitiri. Katika kartye za Goma zilizojengwa juu ya mawe ya volkano, ambako udongo ni haba, tairi kuukuu lililojazwa mchanga, udongo mkavu na jivu la kuni linafanya kazi hiyo.

Chakula na maji

Kuku mmoja wa mayai hula gramu 110 hadi 120 kwa siku na kunywa karibu robo ya lita ya maji, zaidi wakati wa joto. Wiki ya kwanza apewe chakula kilekile cha shambani. Kubadilisha ghafla kunasimamisha mayai na kuleta kuhara. Kisha kinachanganywa polepole na kile kilichoko nyumbani.

Hapa ndipo anatofautiana na kuku ya kienyeji. Akiambiwa ajitafutie mwenyewe, hataacha kutaga mara moja: ataendelea kutaga huku mwili ukiisha, mpaka siku moja miguu inakataa kusimama. Kwa hiyo anahitaji mahindi au mtama kwa nguvu, soya iliyokaangwa au mashudu kwa kujenga mwili, na samaki wadogo waliokaushwa na kusagwa: fretini au sambaza upande wa Kivu, ndakala upande wa Tanganyika. Kwa kalsiamu, maganda ya mayai yanachomwa kidogo au kuchemshwa, yanakauka, kisha yanasagwa kabisa. Yakibaki na umbo, kuku hujifunza kula mayai yake. Majani ya lengalenga na mabaki ya mboga yanasaidia na kufanya kiini kiwe cha njano.

Vitu vya kuepuka ni mahindi yenye kuvu, hata kama yanauzwa bei ya kutupa, juu sumu ya kuvu inaharibu ini. Maharagwe mabichi yaliyokauka. Maganda ya mihogo michungu ambayo hayajakaushwa. Viazi vilivyogeuka kijani. Na chakula chenye chumvi nyingi.

Mwenye bustani azungushe uzio kwanza. Kuku aliyegundua kwamba anaweza kuchakura hatofautishi majani mabaya na miche ya lengalenga. Kinyesi chake, kikikaa miezi michache katika lundo pamoja na majani makavu, ni mbolea nzuri. Kikiwekwa kibichi kinaunguza mimea.

Kumchanganya na wenyeji wa uwanja

Baada ya wiki za kutengwa, makundi mawili yaonane kwanza kupitia waya, siku kadhaa. Kisha yafunguliwe pamoja jioni, karibu na saa ya kulala, au kwenye nafasi kubwa yenye vyombo viwili au vitatu vya chakula, ili mnyonge apate pa kula. Kutakuwa na ugomvi. Kuku hupanga nani wa kwanza na nani wa mwisho, na mgeni huanzia chini. Kudonoana kidogo kunaisha kwenyewe. Damu ikionekana, aliyejeruhiwa atolewe mara moja, sababu kuku wote hufuata rangi nyekundu na wanaweza kumla akiwa hai.

Kuku huyu ni nadra kulalia. Tabia hiyo iliondolewa kwa uchaguzi wa wazazi. Lakini kama kuko jogoo wa kienyeji, mayai yake yanaweza kuwekwa chini ya kuku ya kienyeji anayelalia. Vifaranga wanaotoka hurithi pande zote mbili: huwa wanataga kuliko mama mlezi wao, na huwa hodari inje kuliko mama yao wa damu.

Mayai na dawa

Wiki za kwanza mayai yanaweza kukatika kabisa. Safari, woga na chakula kipya ni sababu moja. Nyingine ni mwanga. Shamba huwasha taa ili kuku apate saa 14 hadi 16 za mwanga kwa siku. Karibu na ikweta jua linatoa 12 tu, mwaka mzima. Mwili unaelewa kwamba ni wakati wa kupumzika, manyoya yanaanguka, na kuku anaonekana mbaya kuliko siku aliyofika. Wengi humchinja hapo. Angengojewa miezi miwili hivi, manyoya mapya yangeota, upanga ungerudi kuwa mwekundu, na mayai yangeanza tena, mara nyingi makubwa kuliko ya kwanza. Kuku mwenye afya katika mwaka huo wa pili anaweza kutoa mayai manne au matano kwa wiki.

Kama shamba lilitoa dawa ya antibiotiki karibu na siku ya kuuza, mayai na nyama visiliwe mpaka siku zilizoandikwa kwenye karatasi ya dawa ziishe. Muuzaji asipojua ni dawa gani, daktari wa mifugo aulizwe. Kuchemsha hakuondoi dawa zote, na mabaki yake yanafanya vijidudu vizoee, hata siku mtoto atakapohitaji dawa ileile hospitalini isimsaidie.

Dalili za shida za kawaida kwa kuku hawa ni tumbo kujaa, kusimama kama bata mkia ukiwa chini, yai lisilo na ganda, au yai lililokwama. Yai lililokwama wakati mwingine hutoka kwa kumuweka kuku nusu saa katika maji ya vuguvugu. Tumbo lililojaa mara nyingi halina matibabu.

Kuku wengi wakifa kwa pamoja, waliobaki wasiuzwe, waliokufa wasiliwe wala kutupwa mtaroni au ziwani. Wafukiwe kwenye shimo refu, na habari ipelekwe kwa daktari wa mifugo au ofisi ya serikali ya kilimo, uvuvi na ufugaji, IPAPEL. Homa ya ndege si jambo la mbali: mwaka 2017 aina ya H5N8 ilithibitishwa katika Ituri, upande wa ziwa Albert, mwaka uleule ilipoonekana Uganda. Wanaokimbilia kuuza kuku walio wagonjwa kabla hawajafa ndio wanaobeba ugonjwa kutoka kijiji hadi kijiji.

Hesabu ya mwisho

Kuku wa reforme hamtajirishi mtu. Anayemnunua kwa kutegemea biashara ya mayai atashindwa na bei ya chakula. Anayeleta wanne au watano, akiwa na banda kavu, mahindi kidogo ya shamba lake na subira ya miezi miwili, anaweza kupata yai la kila mtoto siku kadhaa za wiki, kwa mwaka mmoja na pengine zaidi. Wengi wa kuku hawa hawazeeki sana. Mwili uliotoa mayai 300 kwa mwaka umechakaa mapema. Siku mayai yakiisha, kila nyumba inaamua kama inabaki naye au inamchinja. Nyama yake ni ngumu na inataka moto wa muda mrefu, lakini mchuzi wake ni mzuri.

Kati ya siku hizo mbili, ya kufika na ya mwisho, kuku atakuwa amechakura udongo, ameota jua na kuoga vumbi, vitu ambavyo hakuvipata kizimbani. Mwenye nyumba ataona kwamba kazi imefaulu jioni ile ambapo hakuna anayelazimika kumbeba: giza likianza kuingia, anatembea mwenyewe hadi mlango wa banda na kuingia kulala.